Mtamba Aliyekatazwa Kupe

Nimemdharau kupe tangu utotoni. Nyoka anakuuma kwa kuwa umemkanyaga, na akishakuuma anakimbia. Kupe hana hata adabu ya kukimbia. Amejichimbia chini ya mkia wa ng'ombe, kichwa hakionekani, amebaki tumbo tu, na ukimchuna anakuachia mdomo wake ndani ya ngozi kana kwamba pale ni kwao.

Lakini likizo hii nimempata wa kumdharau zaidi: baba mdogo, karani wa baraza.

Mwaka juzi ng'ombe wawili wa bibi, hapa kwetu Rugu, walizaa majike msimu mmoja. Bibi akasema mmoja ni wa mahari ya baba mdogo, mwingine ni wa mama. Tangu aolewe mama alikuwa akienda kwa bibi na kibuyu kuomba maziwa, kama mpita njia. Siku aliyopewa ndama alichukua ufagio akaenda kufagia zizi.

Ndama wa mama alikua kama walivyokua mama zake, huko malishoni, kupe wamemjaa masikioni. Akiwa bado ananyonya aliugua, tezi zikavimba chini ya masikio, mama akashinda naye akimnywesha maji kwa kiganja. Akapona, ila manyoya yake yalibaki yamesimama ovyo.

Wa baba mdogo hakukanyaga malisho. Alijengewa kibanda nyuma ya nyumba, akakatiwa majani ya kibanjani, katikati ya migomba, ambako ng'ombe hawapiti. Kila Jumapili baada ya kanisa baba mdogo alikunja mikono ya shati akampekua mwili mzima. Kupe akionekana, hata mmoja aliyepotea njia, anatumbukizwa kwenye kopo la mafuta ya taa. Wageni waliitwa kushuhudia.

"Pitisha mkono, shemeji," alimwambia mama. "Unagusa kitu?"

"Sigusi."

"Na wako je?"

"Wangu ni ng'ombe, shemeji. Si sahani."

Baba mdogo alicheka peke yake.

Wa baba mdogo akakua, akawa mtamba, akapelekwa Ihembe kwa wakwe, ngozi inang'aa kama imepakwa samli. Wakwe walipiga vigelegele, kisha wakamwingiza kwenye kundi lao kama ng'ombe mwingine yeyote. Mwezi haukuisha. Alianza kukohoa, tezi zikavimba, povu likamtoka puani, akafa.

Mshenga alikuja na habari hizo. Alikunywa kwanza rubisi, pombe yetu ya ndizi, akajifuta midomo, ndipo akasema:

"Wakwe wanasema waliletewa ng'ombe wa kutazama. Sasa wanaomba wa kukamua."

"Wamemroga!" akasema baba mdogo. Huyo ndiye msomi wa ukoo.

Mimi nilikuwa jikoni namenya ndizi, nasikia yote. Mbele ya watu ulimi wangu hauinuki, ila jambo lenyewe nililijua. Shuleni, kidato cha pili, tulifundishwa kwamba kupe humwachia ng'ombe kimelea wa ugonjwa ule wa tezi, na kwamba kimelea anayemuua haraka mnyama anayemlisha anafukiwa naye kaburi moja. Kwa hiyo, vizazi kwa vizazi, magonjwa makali mno yamekufa pamoja na wanyama yaliyowaua, na ng'ombe wasioweza kustahimili wamekufa bila kuacha ndama. Waliobaki ni maadui wawili walioshindwa kumalizana. Mimi siuiti urafiki, hata kidogo. Na ng'ombe wetu wa pembe ndefu hazaliwi na ushindi mkononi: anazaliwa na nguvu ya kupigana tu, na vita yenyewe lazima aipigane akiwa mdogo. Baba mdogo alimnyima mtamba wake vita ile, akamtuma Ihembe na ngozi nzuri.

Basi macho yote yakamgeukia mtamba wa mama.

"Ni ng'ombe wa ukoo," alisema bibi.

Baba alikohoa. Ndiyo hoja yote aliyokuwa nayo.

Kisha nikasikia sauti ya mama, taratibu:

"Shemeji, makopo yale ya kupe yamejaa. Si uwapelekee wakwe hayo?"

Mshenga alipaliwa na rubisi.

"Shemeji, usinitanie," baba mdogo alinong'ona. "Nitamkosa mke."

"Mchukue. Lakini utamswaga mwenyewe, kwa miguu yako. Usimguse kupe hata mmoja. Na jike wake wa kwanza anarudi hapa, kwangu. Mshenga, umesikia?"

"Nimesikia, mama."

Baba mdogo aliondoka asubuhi na soksi zake ndefu nyeupe, fimbo ameishika kama kalamu, na yule mtamba mchafu mbele yake akimpeleka anakotaka yeye, penye nyasi ndefu. Mama hakutoka kuwaangalia. Alikuwa anafagia zizi, ingawa halikuwa na kitu.

Wakwe walimpokea mtamba, na hadi leo anakula majani yao vizuri. Baba mdogo alirudi kesho yake anajikuna. Alisimama mlangoni kwa mama, shingo ameipinda, sauti imemwisha.

"Shemeji, kuna kupe hapa nyuma ya sikio. Nitolee."

Mama alimtazama sikio muda mrefu, akalirudia sufuria lake.

"Mwache tu, shemeji. Mtazoeana."