Nusu Kichwa cha Mwalimu

Tarehe 9 Machi 2019, saa nne na dakika ishirini asubuhi, msusi ambaye mtaa mzima humwita Mkono Laini aliandika kwenye daftari lake la miadi: "Mwalimu ameondoka nusu."

Nusu ya kichwa, yaani. Upande wa kulia ulikuwa umekwisha kusukwa. Wa kushoto ulisimama kama umepigwa shoti. Mwalimu wa hisabati, mteja wake kwa miaka sita, alijifunga kitambaa machozi yakimlengalenga, akatoka bila kuaga.

Ilikuwa mara ya tatu mfululizo kuumia kwenye kiti kile. Januari alilalamika, Februari akalalamika zaidi. Mkono Laini, mwenye miaka arobaini na mitatu, kumi na tisa kati yake akiwa amesimama nyuma ya vichwa vya watu, alibadilisha kitana, akabadilisha rasta, akapunguza kukaza hadi misuko ikawa inalegea kabla ya wiki mbili. Kilichobaki kulaumiwa ni vidole vyake. Siku hiyo alimwambia mdogo wake, anayeosha nywele hapohapo saluni, kwamba mwezi wa nne watabadilishana nafasi.

"Mimi nisuke, wewe ushike shampuu?" mdogo wake alicheka. "Dada, wateja watakimbia peku!"

Alhamisi Mwalimu alirudi kuomba radhi. Alipovua kitambaa, saluni nzima iliangua kicheko. Kulia misuko myembamba, kushoto minene kama kamba za kufungia mizigo. Alikuwa amekwenda kumaliziwa mtaa wa pili Jumamosi ileile.

"Haya, umenisaliti," alisema Mkono Laini. "Huyo angalau hakukuumiza?"

"Niache! Aliniua vilevile. Nilishika kiti kama ninang'olewa jino."

Muuguzi mmoja aliyekuwa akikausha nywele aliinua kofia ya mashine. "Samahani kwa kudandia maongezi. Jumamosi ulikuwa kwenye siku zako?"

"Siku ya pili. Kwani imeandikwa usoni?"

"Na Februari? Na Januari?"

Mwalimu alianza kuhesabu kwa vidole, akaacha, akaomba daftari. Zamani alikuja baada ya wiki tano, saba, sita, alivyopata nafasi. Tangu Januari ratiba ya shule ilimwachia Jumamosi moja tu kila wiki nne. Mzunguko wake ni siku ishirini na nane.

"Nafundisha watoto kugawanya ishirini na nane kwa saba kila mwaka," alisema, "na hii imenipita!"

Muuguzi alieleza kwamba ubongo una dawa zake wenyewe za maumivu, za jamii ya morfini, na huzimwaga mtu anapoumia. Estrojeni, homoni ya kike, inaonekana kuzisaidia. Inapokuwa chini, kama siku za mwanzo za hedhi, dawa hizo zinaweza kupungua, na mvuto uleule wa nywele ukauma zaidi. "Si kwa kila mwanamke," alionya. "Watafiti wenyewe bado wanabishana."

"Kumbe namsuka mtu ganzi yake iko likizo!" alisema Mkono Laini.

Mwalimu alitaka jaribio. Alibadilishana zamu na mwenzake, akaja tarehe 23 Machi, katikati ya mzunguko wake. Kitana kilekile, rasta zilezile, na mkazo wa zamani ukarudishwa.

Misuko ya kwanza alikaza mabega. Kufika sikioni alikuwa anamwaga umbea wa chumba cha walimu. Kufika kisogoni alikuwa anakoroma, na mdogo wa Mkono Laini akalazimika kumshikilia kidevu.

"Kichwa kimoja si utafiti," alisema Mwalimu alipoamka na kujitazama kwenye kioo. "Lakini vidole vyako havina kosa."

Mkono Laini alicheka hadi akaketi kwenye kiti cha wateja.

Mpango wa kubadilishana nafasi umefutwa. Mdogo wake anaendelea kuosha nywele, na Mwalimu atasukwa tena tarehe 20 Aprili, wiki nne kamili baada ya jaribio.