Mama Niliyemwandika Mwanaume

Kwaya yetu ya mtaa wa Kilibula haikuwa na majoho wala kinanda cha maana, lakini sauti nne tulikuwa nazo, na zilipangwa zikapangika. Nasema hivyo kwa kujivuna, maana aliyezipanga ni mimi. Nilikuwa sekretari wa kwaya. Padri alipotuletea kompyuta kuukuu yenye programu ya kupangia waimbaji, wengine waliiogopa. Mimi nilikaa nayo majuma mawili mpaka ikanitii. Kila mwimbaji alikuwa na kadi yake humo: jina, mwanaume au mwanamke, sauti yake, siku alizofika mazoezini. Kila Jumamosi nilichapisha karatasi ya viti na kuibandika mlangoni, na ole wake aliyekaa pengine.

Programu hiyo ilikuwa na tabia moja. Mtu akikosa mazoezi mara tatu, jina lake linageuka kijivu. Siku za amani kijivu kilikuwa cha wavivu. Vita viliposogea kutoka upande wa mto Ruzizi, kijivu kikaanza kula sauti ya nne, yaani besi. Wanaume walivuka mpaka kwenda Burundi, kwa sababu mwanaume aliyeonekana barabarani alibebeshwa mizigo ya askari au kupewa bunduki. Wake zao walibaki kulinda nyumba. Sikuhitaji redio kujua hali ya mji. Nilifungua orodha tu. Kwaresima ilipoanza, besi kumi na mmoja walikuwa kijivu, akabaki mmoja mwenye kikohozi.

"Pasaka hii tutaimba sauti moja," mwalimu wa kwaya akasema. Alikuwa mtu mpole, na upole wake siku ile ulinikera.

"Sauti moja ni ya watoto wa shule," nikamjibu. "Watu wamekimbia, na wimbo nao ukimbie?"

Nikaamua kutafuta besi kwa wanawake. Niliwasimamisha mama wa alto mmoja mmoja, kila mmoja ashuke ngazi ya noti mpaka sauti imwishie. Wengi waliishia njiani, tukacheka. Kisha akasimama mama mmoja muuza ndagala, wale samaki wadogo wa ziwa letu. Miaka yote alikaa benchi la nyuma akichezesha midomo tu, na sababu tuliijua sote. Mumewe, kiongozi wa besi, alimkataza kutoa sauti kanisani. Alisema sauti nzito vile inamwaibisha, watu watadhani ameoa mwanaume mwenzake. Basi mama yule akashuka, akapita pale wenzake walipokwama, akaendelea kushuka. Mwalimu aliacha kinanda.

"Nikomee hapa, ao niendelee?" mama akauliza.

Kazi ikabaki kwenye kompyuta. Ukimwandika mtu mwanamke, programu inakupa soprano na alto, basi. Besi haikubali kubonyezwa. Nilijaribu, nikarudia, nikaitukana kwa Kifuliiru, lugha yetu ya nyumbani. Lisilo budi hutendwa.

"Mama, nakuandika mwanaume," nikamwambia.

Akacheka mpaka akashika mbavu. "Andika tu. Mungu iko anajua mwenye aliumba." Kisha kicheko kikamwishia. "Lakini bwana yangu akisikia?"

Mumewe alikuwa kwenye kambi ya wakimbizi ng'ambo ya mpaka, lakini neno lake lilikuwa bado linakaa naye nyumbani. Nilitaka kumlazimisha, nikajizuia, nikamwambia aamue mwenyewe kabla ya Jumamosi. Ijumaa alinikuta sokoni, akanivuta kando ya meza yake ya ndagala.

"Acha jina yangu pale," akasema.

Nikamwandika mwanaume, pamoja na mama wengine watano waliokaribia kushuka kama yeye.

Siku ya Pasaka risasi zilisikika mbali, upande wa milima. Mwalimu alisita, mkono wake ukabaki hewani; sisi hatukusita. Soprano walipanda, na chini yao mama yule akaimba kwa kinywa kilichofunguka wazi, hata nikaisikia sauti yake ndani ya ubao wa benchi niliouegemea. Wanaume wachache waliokuwamo kanisani waligeuza shingo. Katika maisha yangu sijajivunia kitu kama nilivyojivunia karatasi ile ya viti. Mtu mmoja alirekodi kwa simu, na misa ilipoisha wimbo ulikuwa umeshawafikia watu wetu kambini.

Tulikuwa tukila pamoja uani simu ya mama ilipolia. Mikono yake ilikuwa na ugali, akaniomba nimshikie, nikaifungulia spika asikie. Alikuwa mumewe.

"Mama watoto, nimesikia wimbo. Ule mwanaume mwenye alikamata besi yangu ni nani? Ametokea wapi?"

Mama akanitazama. Niliogopa kwa niaba yake, kidole changu kikasogea kwenye kitufe cha kuzima.

"Ni minye, bibi yako," akasema.

Kwenye simu tulisikia watoto wa kambini wakipigiana kelele.

"Weye?"

"Njo minye."

Tukamsikia akiwafukuza watoto wale waende mbali. Aliporudi, sauti yake ilikuwa ya mtu mwingine, ndogo, ya kuuliza njia.

"Sasa minye nikirudi, nitaikala wapi?"

"Pembeni yangu," mama akamjibu, na hakuipunguza sauti yake hata kidogo.