Kidari cha Nyumba ya Jumbe

Enzi zile tulipocheza rede mpaka magharibi ikatukuta na vumbi kichwani, ukitaka kumjua mkubwa wa kijiji hukuuliza nani ana gari. Ulisubiri ng'ombe achinjwe, kwa harusi au kwa hitima, ukatazama kidari kinaelekea nyumba gani. Kidari ni ile nyama ya kifuani, yenye mfupa laini na mafuta ya kutosha kumnyamazisha mtoto mtukutu. Kwetu, ng'ambo ya mto Pangani, kidari cha kila ng'ombe kilikuwa haki ya nyumba ya Jumbe. Na Jumbe alikuwa babu yangu, baba yake mama.

Ujumbe wenyewe nimeupigia hesabu mara mbili ukubwani, na mara zote jibu ni sifuri. Serikali iliufuta kabla mama hajaolewa. Kodi hailetwi, kesi zimehamia mahakama ya mwanzo, minazi ya ukoo imegawanywa kwa warithi mpaka kila mmoja akabaki na kivuli cha mnazi mmoja na nusu. Kilichobaki ni nyumba yenye ufa upande wa kibla, kiti cha mpingo ambacho hatukuthubutu kukikalia hata kwa utani, na hicho kidari. Babu alikuwa mfalme wa nyama ya kifua.

Siku za kawaida tulikula kama wenzetu wote: muhogo wa nazi, mchicha wa nazi, na dagaa akionekana. Lakini siku ya ng'ombe tulikaa barazani pua juu. Anakuja kijana na sinia limefunikwa kawa, anabisha hodi, anasema, "Shikamoo Jumbe, ada yako." Babu anaitika marahaba, anainua kawa kidogo, anatazama, anainamisha kichwa kama mtu aliyesaini. Basi. Hakuna asante, maana haki haishukuriwi.

Mama alikipika na ndizi mbichi, na harufu ikafika mpaka kwa majirani. Babu aliandaliwa sebuleni peke yake, kwa sababu Jumbe hakuchangia sahani na mtu. Sisi na mama tulikuwa uani, tunagombania mifupa, tunacheka mpaka mate yanatupalia. Siku moja nilichungulia sebuleni nikamkuta anatafuna polepole, uso ameuelekeza mlangoni, kama anayemngoja mgeni aliyechelewa. Nilidhani ndio ukubwa wenyewe.

Watoto wenzangu siasa waliielewa mapema kuliko babu. Tukicheza ufalme, mfalme alikuwa yule mwenye mpira wa dukani. Nikidai kiti kwa sababu ya ukoo, wananijibu, "Kama hiyo damu yako ya Jumbe inadunda, ilete tuichezee."

Mwenye mpira wa kijiji kizima alikuwa Bwana Faki. Alikuja kutoka Pemba na mzani mmoja wa kununulia mbata, zile nazi kavu, akapata mashine ya kukobolea mpunga, kisha lori. Hakuwa mtu mbaya. Mgonjwa akizidiwa usiku, lori lake ndilo lililompeleka kivukoni, na kesho yake hukumsikia akilisema. Vyama vingi vilipokuja, akagombea udiwani. Wapinzani wakamshika hapo hapo: mtu wa kuja, hata kaburi la babu yake halipo hapa. Mali alikuwa nayo, alichokosa ni mtu wa kumwambia wewe ni wetu. Na mtu huyo, kwa wazee wa kijiji, alikuwa mmoja tu, yule wa nyumba yenye ufa.

Basi Bwana Faki akamsomea mama yake hitima na kuchinja ng'ombe. Kijiji kizima kilijua kinachotazamwa. Babu akipokea kidari kutoka kwa Faki, Faki ni mwenyeji. Asipopokea, wazee watakuwa na la kusema.

Alasiri lile lori likaja mlangoni petu, kwa safari ambayo kuku wetu huenda na kurudi akitafuta funza. Akashuka Bwana Faki mwenyewe, akavua viatu. Vijana wake wakaweka sinia. Kidari kilikuwepo, na juu yake paja zima, na ini, na pembeni gunia la mchele. Tulikuwa hatujaonja nyama tangu mwezi ulioandama. Mama alishawasha moto. Mimi nilishagawa vipande kichwani, changu kikubwa kuliko vya wote.

"Hiki ni nini?" babu akauliza.

"Kidari, Jumbe. Ada yako."

"Kidari nakiona. Nauliza hicho kilichokikalia."

"Nimeongeza kidogo, mzee wangu. Kwa heshima."

Babu akasema, sauti ya chini kabisa, "Kidari ni haki yangu, hata ukinichukia utakileta. Paja umelileta kwa kuwa umesikia nina njaa."

Bwana Faki akaona biashara inaharibika, akafanya ambacho mfanyabiashara yeyote angefanya. Akasema basi, paja litolewe, kibaki kidari peke yake.

"Kimeshachanganyika na sadaka," babu akasema. "Rudisha vyote, mwanangu."

Nimeuza na kununua maisha yangu yote, na mapatano yale bado siyawezi. Babu alikuwa na bidhaa moja na mnunuzi mmoja. Faki naye alizoea kwamba ukitaka kumpendeza mtu unamzidishia, na hakuna aliyemwambia kuwa ada ina kipimo chake, ukikipita umemtukana mwenyewe. Mama alichukua kata ya maji akaumwagia moto. Jioni tukala muhogo. Hakuna aliyecheka uani siku hiyo.

Faki alishinda udiwani bila babu. Paja walilila wengine, na wazee nao wakalipenda. Harusi iliyofuata, mwenye shughuli akapeleka kidari kwa diwani. Diwani akakipokea.

Babu siku hiyo alioga mapema, akavaa kanzu, akakaa kwenye kiti cha mpingo kuelekea mlango. Macho yalishaanza kumtupa mkono, akaniita, "Njoo, mke wangu, kaa hapa uniambie nani anapita." Nikamwambia anapita mama fulani na ndoo, wanapita watoto wa chuoni. Wote walisimama wakatoa shikamoo kwa adabu zao zote. Heshima ilikuwa palepale, ila mikono mitupu. Tulikaa mpaka adhana ya isha. Akasema labda hawajachinja.

Aliondoka mwaka niliomaliza darasa la saba. Hitima ya arobaini, diwani alitoa ng'ombe bila kuombwa. Mchinjaji alipofika kwenye kidari akasimama nacho mkononi, akauliza kinakwenda wapi. Watu wakamtazama Faki. Faki akautazama mlango wetu, akasema taratibu, "Kwa mwenyewe."

"Mwenyewe hayupo," mama akajibu kutoka uani. "Kitie sufuriani, watu wale."

Na ndivyo ujumbe ulivyokwisha kwetu, siyo ile siku ya serikali.

Siku hizi nauza vitenge Tanga mjini, na wafalme ninaokutana nao ni wengi mno. Kila kijana anayeniuzia vocha anaitwa bosi na mwenzake asiye na kiatu. Harusini wanakodi viti vya kifalme, vimepakwa rangi ya dhahabu. Nimeulizia bei: utawala wa jioni moja, na ukichelewa kuvirudisha unalipa faini. Nyama inagawiwa kwa vipakiti, kila mtu sawa, na wanaokaa meza ya mbele wanajulikana kwa michango. Mwenye pesa ndiye mheshimiwa, haongezi paja juu ya chochote, maana hakuna tena haki ya mtu chini yake. Sisemi zamani kulikuwa bora. Mzee wa watu alikula peke yake miaka yote ile. Lakini ng'ombe alipochinjwa, palikuwa na mlango mmoja ambao lazima mtu aende kuubishia hodi, hata kama mwenye mlango hana kitu.

Juzi jirani yangu ameozesha mwanawe. Nilichanga, tena baada ya kupatana, nikaletewa kadi ya kuingilia. Niliigeuza huku na huku nikaisoma mara ya pili. Ilikuwa ya mtu mmoja.