Shemeji Yangu na Punda Yake

Ilikuwa mwaka elfu mbili na nane. Hapana, ngoja, nisiwadanganye: ni elfu mbili na tisa, maana mwaka wa nane paa la ukumbi lilikuwa limefumuliwa na mle ndani walikaa njiwa tu. Mimi nilikuwa mshika funguo wa ukumbi wa maktaba. Nilifagia, nilipanga viti, watu wakiondoka nikavipangua.

Maji tuliletewa na dada mkubwa wa mke wangu. Mji mzima ulimwita Mama Mapipa, kwa ajili ya mapipa mawili ya bluu juu ya mkokoteni wake, na punda mmoja mbele. Mwanamke mfupi, mabega mapana, kicheko chake kinafika kabla yake mwenyewe. Akinikuta na ufagio lazima anichokoze.

"Shemeji, mdogo wangu aliolewa na mwanamume au na mfagiaji?"

"Aliolewa na wote wawili. Wewe huna hata mmoja."

Hapo atacheka mpaka aushike mkokoteni asianguke.

Basi mwaka ule likabandikwa tangazo mlangoni: mihadhara mitano ya wazi, bure, kila Alhamisi saa tisa alasiri, juu ya binadamu na wanyama. Mama Mapipa hakujua kusoma, nikamsomea.

"Mhadhara wa dini gani?"

"Wa wanyama."

"Na wao wameanza dini?"

Nikamweleza nilivyoelewa, yaani kidogo: mwalimu wa chuo kikuu atakuja kuzungumza jinsi watu wanavyoishi na wanyama wao. Akageuka kumtazama punda. Kisha akasema, "Niwekee kiti karibu na dirisha."

Punda alikuwa amezeeka. Goti moja la mbele limevimba, na kile kilima cha posta alikipanda kwa kupumzika mara tatu. Mwanawe Mama Mapipa, fundi wa kuchomelea vyuma, ndiye mwenye nyumba waliyoishi, na alikuwa ameshapata mnunuzi wa ngozi. Mihadhara ikiisha tu, punda angeondoka, ije pikipiki ya magurudumu matatu. Mama hakuikataa pikipiki. Alitaka punda abaki uani, ale, azeeke, basi.

"Nina miaka kumi na saba na yule punda," aliniambia, "halafu nikiulizwa kwa nini abaki, nasema kwa sababu, kwa sababu, naishia hapo. Wasomi wana maneno. Nataka nichukue mawili matatu nimpelekee mwanangu."

Akawa anakuja. Anamfunga punda nje ya dirisha, anakaa upande upande ili awaone wote wawili, punda na Mwalimu. Mwalimu mwenyewe alikuwa mama mwembamba wa miwani, sauti ya taratibu. Alhamisi ya pili punda alilia katikati ya maneno yake. Mwalimu akangoja amalize, akasema, "Ahsante kwa mchango wako," ukumbi ukaangua kicheko.

Jioni nilimsindikiza shemeji, naye njia nzima akirudia neno la siku ile lisimponyoke. Uhusiano, uhusiano, uhusiano. Tukifika uani analitoa. Mwanawe hata kinyago cha kuchomelea hakukivua.

"Mama, uhusiano utavuta mapipa?"

Juma lililofuata akampelekea ustawi. "Ustawi wa punda? Na ustawi wangu mimi je?" Hakuwa kijana mbaya. Ni mtu wa chuma tu. Kwake kilichochakaa kinakatwa kiwe kitu kingine. Baada ya Alhamisi ya nne shemeji hakurudia neno lolote njiani. Alitembea amemshika punda shingoni, nami nyuma nikihesabu mawe.

Alhamisi ya tano, ya mwisho, yule kijana akaja mwenyewe. Si kusikiliza, maktaba ilikuwa imemwita apime geti la mlango wa nyuma. Akasimama pale na futi yake ya kupimia. Mwalimu alipouliza nani ana swali, Mama Mapipa akainuka.

"Mimi ni mleta maji. Punda yangu amechoka..."

Mbele alikaa mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, mtu wa tai kila siku. Akageuka. "Punda *wangu*, mama. Mnyama ni wangu. Yangu ni meza."

Watu wakacheka. Nikaona shingo ya shemeji inasimama.

"Mzee, mama yako unamwitaje? Mama wako?"

"Mama yangu, lakini..."

"Na dada? Na rafiki? Huyo mshika funguo pale ni shemeji yangu au shemeji wangu?"

"Shemeji yako, ila hayo ni majina ya..."

"Mume nilimwita wangu, kamfuata mwingine. Huyu ni yangu, na yuko pale dirishani."

Ukumbi ulipasuka. Mzee wa tai hakukubali kushindwa. "Hata adui ni adui yangu, mama!"

"Adui yako naye anakuchotea maji?"

Mwalimu wa chuo alivua miwani akajifuta macho. Akasema hilo la *yangu* hakuwahi kulifikiria, akamwomba arudie polepole aliandike. Mama Mapipa akarudia, tena amesimama wima, mkono mmoja nje ya dirisha. Swali lenyewe alilosimama kuuliza alilisahau kabisa, na mpaka leo sijui lilikuwa lipi.

Kijana akanifuata varandani, futi imeningʼinia.

"Baba mdogo, umeona alivyonifanya?"

"Hakukutaja hata kidogo."

"Ameshamwita ndugu mbele ya mji mzima. Sasa mimi nimchunishe ngozi nani? Mama mdogo?" Akapiga teke ukuta, kidogo tu, asiumie. "Abaki. Lakini majani mama atakata mwenyewe."

Pikipiki ikaja, punda akabaki. Yule kijana alimjengea kibanda cha mabati, na majani, nilimwona kwa macho yangu, aliyakata yeye zaidi ya mama yake. Punda aliishi miaka miwili na miezi kadhaa bila kuvuta kitu, goti likapungua uvimbe, tumbo likatokeza.

Ila kila asubuhi, mapipa yalipokuwa yakipakiwa kwenye pikipiki, alikwenda kwenye nguzo ya ua, akaliegemeza bega lake hapo na kusukuma, kusukuma, mpaka nguzo ikalala upande. Nilimuuliza shemeji, akasema nimuulize punda mwenyewe. Nilimuuliza daktari wa mifugo, akasema ana haraka. Mwalimu wa chuo nilimwandikia barua, labda haikufika. Je, yule punda alikuwa anaitaka kazi yake, au alikuwa anajikuna tu?