Nyumba Aliyoichagua Josiane

"Mwaka huu nyumba nachagua mimi, na nitawapeleka mahali ambapo hata Hubert atalia siku ya kuondoka."

Hayo aliyasema Josiane Vaysse, mwenye saluni ndogo mjini Limoges, siku ya Pasaka, mbele ya paja la kondoo na ukoo mzima wa mumewe, mvinyo ukiwa umeshamkaa vizuri kichwani. Hubert, shemeji yake, kaka mkubwa wa mumewe, hakulia hata siku ya kumzika baba yake. Waliomfahamu walidhani alikuwa ameahirisha tu, kwa kuwa kilio hakikuwamo kwenye ratiba.

Hubert alikuwa mwalimu wa udereva, na kila Agosti ndiye aliyeichagulia familia pa kukaa. Chaguo lake lilikuwa lile lile tangu watoto hawajaota meno: vijumba vya zege kando ya ziwa, mazoezi ya viungo kwa filimbi asubuhi, chakula cha jioni kwa tiketi. Ilikuwa kama jeshini, ila jeshini mtu hulipwa. Hakuna aliyepapenda, na hakuna aliyethubutu kusema, mpaka Josiane alipofungua kinywa.

Hubert aliweka uma chini, akafuta masharubu. "Sawa, shemeji. Lakini mtu mmoja tu akiomba turudi kabla ya wiki kuisha, kuchagua kunarudi kwangu. Na hakutoki tena."

"Mpaka nife," akajibu Josiane, ambaye mdomo wake ulitoka kiwandani bila breki.

Basi ikawa kazi. Saluni nzima ikaingia kwenye kutafuta nyumba, kila mteja akishauri kwa kupiga kelele, maana aliye chini ya draya hudhani dunia nzima ni viziwi. Huyu alitaka bwawa la kuogelea. Yule alisema bwawa la shamba ni la vyura, nyie mtakuwa wageni wao. Josiane mwenyewe alikuwa na elimu yake. Hakusoma sifa za wageni waliotangulia; alisoma malalamiko. Sifa, alisema, huandikwa na wajomba wa mwenye nyumba, lakini lawama huandikwa na mtu aliyelala pale kweli.

Kwa njia hiyo aliukataa mnara wenye ngazi za kuzunguka, kwa ajili ya magoti ya Mama Huguette, mkwewe. Akakikataa kinu cha zamani cha maji kando ya mto, kwa kuwa mgeni mmoja aliandika kwamba sauti ya maji ilimpeleka chooni usiku kucha. Akalikataa shamba ambako punda alikula kofia ya bibi harusi. Ndipo akaiona nyumba ya Fontbelle, huko juu kwenye nyanda za Aubrac: ya mawe, vyumba vitano, ua mpana kama kiwanja. Lawama ilikuwa moja tu: "Siku ya Jumamosi kuna pilikapilika kidogo uani."

"Kuku," akaamua Josiane. Mtu wa mjini kila asichokijua cha shamba hukiita kuku. Jioni ile ile akatuma malipo ya awali.

Walifika Jumamosi, jua la utosi. Uani palikuwa na mabenchi safu kwa safu, wanaume juu ya ngazi wakining'iniza taa za rangi, mtu akijaribu kodiani yake, na katikati, juu ya kuni, sufuria ambayo ungeweza kumwogeshea ndama.

Régis, mume wa Josiane, alizima gari. "Kuku," alisema taratibu.

Akatokea mama mfupi mwenye sauti ya kuitia ng'ombe. Huyo ndiye Zélie Cayrol, mwenye nyumba, na pia mwenyekiti wa kamati ya sikukuu ya kijiji. Aliwabusu wote mashavu yote mawili, Hubert hata kabla hajafungua mkanda. Kisha akaeleza, huku akimenya kitunguu saumu, kwamba sikukuu ni leo, kwamba chakula hupikwa katika ua huu tangu enzi za babu yake, na kwamba anayelala nyumba hii ndiye anayesonga viazi na jibini.

"Mbona hukuniambia, mama?" Josiane aliuliza kwa sauti ya kuzama.

"Nikwambie nini, mwanangu? Kila mtu anajua."

Kila mtu maana yake ni Fontbelle yote, ambayo ukiipakia kwenye basi moja viti vinabaki.

Josiane akamgeukia shemeji yake. Hubert alikuwa ameshaangalia saa. Sentensi ilikuwa inamjia. Josiane aliiona ikipanda kooni, ikipita kola, ikikaribia masharubu. Aliviona vijumba vya zege, filimbi na tiketi, Agosti baada ya Agosti, mpaka kaburini.

"Mimi naomba..." akaanza Hubert.

Hakumaliza. Zélie alikuwa amemshikisha mwiko mrefu kama kasia, sasa anampapasa mabega kama anayenunua maksai. "Huyu anafaa," akasema.

Mzee Firmin, aliyekuwa akichochea kuni, alimtazama Hubert kuanzia viatu. "Huyu wa mjini? Kabla jibini halijayeyuka ataomba kiti."

Kwa maisha yake yote Hubert alikuwa amewakejeli wengine, walioshindwa kuegesha gari. Yeye kukejeliwa, hakuzoea. Alivua koti, akalikunja, akampa mama yake.

Akasonga. Viazi vilivyopondwa, siagi, kitunguu saumu, kisha jibini changa kwa ndoo, na ule mchanganyiko ukaanza kumvuta kama ng'ombe anayekataa kamba. Masharubu yalilowa. Haukupita muda akawa anawaamuru waliomsaidia: polepole kwenye kona, usibadilishe mwelekeo ghafla, tazama kioo. Walimtii wakicheka mpaka machozi. Mwishowe alipanda juu ya benchi akainua mwiko, na jibini likamfuata, likanyooka, likazidi kimo chake bila kukatika, na ua mzima ukapiga kelele. Kodiani ikadaka. Mama Huguette, ambaye magoti yake yaliikosesha familia mnara mzuri, alicheza na Mzee Firmin hadi kiatu kikamtoka.

Wiki nzima Josiane alizunguka akichungulia midomo ya watu. Hakuna aliyeomba kurudi. Hubert hakuonekana hata kwenye kahawa. Alikuwa kwa Firmin, wakibishana juu ya kuni.

Jumamosi ya kuondoka, mizigo ikishapakiwa, Hubert alisimama kando ya gari akijifuta macho.

"Moshi," akasema.

Moto ulizimwa wiki iliyopita. Régis alitaka kulitaja hilo, Josiane akamkanyaga.

Kisha Hubert akasema amesahau kurudisha ufunguo. Josiane alijua ufunguo umo mkobani mwake yeye, akamfuata kwa kunyata mpaka mlango wa jikoni. Shemeji yake alikuwa ameinama, anauliza kwa sauti ya chini juu ya Agosti ijayo, wiki hii hii ya sikukuu.

Zélie hakuinua macho kwenye viazi vyake.

"Wiki moja, pamoja na pilikapilika, yuro mia saba na ishirini."