Maji ya Mikindani

Kule Mollo, pembezoni mwa Sumbawanga, ukiuliza mwanamume asiyeogopa kitu utaelekezwa kwa Eustace. Ndiye huyo aliyemuua swila ndani ya kihenge cha ulezi kwa mpini wa jembe, akatoka akidai chai. Mwoga wa nyumba ile alikuwa mkewe, Winifrida. Aliogopa radi, aliogopa madereva, aliogopa hata daraja lililokauka chini. Eustace alimtania kwa hilo miaka yote ya ndoa yao, naye alikwisha kuzoea.

Mkulima hana likizo, bwana. Ana msimu, halafu ana kungoja msimu. Lakini mwaka huu, mahindi yalipoingia ndani, binti yao Edith, mwalimu huko Mikindani karibu na Mtwara, aliwatumia nauli akasema hataki visingizio. Wakapanda basi, wakaipita Mbeya, wakaipita Songea, mpaka makalio yakafa ganzi. Walipofika, Eustace alisimama barazani kwa binti yake akaiona bahari iliyopenya nchi kavu kwa mlango mwembamba ikatulia kama uji kwenye bakuli, mikoko na nyumba za kale za mawe zimeizunguka.

"Kumbe ndiyo hii?" alisema. "Mimi nimezaliwa kati ya maziwa mawili, Tanganyika huku, Rukwa kule. Maji nayajua."

Aliyajua ya ziwani. Ziwa ukiliacha asubuhi, jioni utalikuta palepale.

Kesho yake Edith alikwenda shuleni. Wazee wakatoka kutembea, wakakuta bahari imeondoka. Palipokuwa na maji pamebaki tope na mchanga, na wanawake wako mbali kule wanachokoa pweza kwa vijiti. Eustace akacheka, akavua viatu. Alitaka akirudi awaambie wanajumuiya wa Mollo kwamba ametembea kwenye sakafu ya bahari.

Winifrida alisita. Goti lake lilikuwa bovu, na moyo nao ulikuwa hautaki.

"Baba Edith, mimi nitakungoja hapa."

"Unaogopa nini, wewe mwanamke? Maji yenyewe hayapo."

Akamshika mkono, wakaenda. Walitembea hadi kwenye fungu la mchanga mbali na ufuo, wakakaa. Hapo akapita Naima, jirani wa Edith, pamoja na wenzake, wamebeba pweza wao wanarudi.

"Baba, twendeni, maji yanajaa."

"Yanajaa kutoka wapi, binti yangu? Mvua imenyesha?"

Wale wanawake wakacheka, wakidhani mzee anatania, wakashika njia. Eustace naye akacheka, akidhani watu wa pwani wanamfanyia mgeni masihara. Akabaki ameukazia macho ule mlango wa bahari, akiona kumetulia.

Maji hayakuja kutoka mbele alikokuwa akitazama. Yalipita kimyakimya kwenye mifereji ya tope, yakawazunguka, na Winifrida alipogeuka, kati yao na nchi kavu palikuwa pameshafunikwa.

"Baba Edith," alisema. Akanyoosha kidole.

Wakaingia majini. Maji yakawafika magotini, mapajani, kiunoni. Kuogelea hawakujua wote wawili. Mollo utaogelea wapi? Hofu ilimshika Eustace. Chini, tope lilikuwa linanyonya miguu. Alimvuta mkewe akimkemea kama maksai, "Haya, nyanyua, nyanyua!" Katikati ya mkondo goti la Winifrida likakataa. Mguu ulizama kwenye tope, hautoki. Maji yakamfika Eustace kifuani, yakamwinua, nyayo zikaitafuta ardhi zisiione. Akili ikamruka. Akauachia mkono wa mkewe.

Hakuponyokwa. Winifrida alikuwa amemng'ang'ania, naye alimbandua vidole.

Alitapatapa, akanywa maji ya chumvi, akaja kushika mizizi ya mikoko huku analia. Alipogeuka aliona kichwa tu cha mkewe katikati ya maji. Akajua amemuua. Akapiga yowe kwa Kifipa, maana Kiswahili kilikuwa kimemkimbia. Ufuoni, Naima hakuelewa neno hata moja, lakini yowe ni yowe. Akarukia mtumbwi na mwenzake, wakapiga makasia. Walimkuta Winifrida amekumbatia mti wa wando, ule uzio wa kutegea samaki, maji yako kidevuni na macho ameyafumba.

Alasiri nyumba ya Edith ilijaa majirani. Winifrida alilazwa chini ya mablanketi, meno yanagongana. Edith, kwikwi ya kilio bado haijamwisha, akauliza swali ambalo baba yake alikuwa analingoja kwa hofu tangu ufuoni.

"Baba, ilikuwaje mama akabaki kule peke yake?"

Eustace aliinama, akaanza kukwangua tope miguuni.

"Nilimtuma mimi," Winifrida akasema kutoka kitandani. "Nilimwambia niache, wahi ukaite watu. Tungebaki wote tungekufa wote."

Majirani wakashusha pumzi. "Mwanamume wa shoka," akasema Naima, na wengine wakaitikia. Wakampa chai. Eustace akaipokea, akainywa, akasema Mungu ni mwema.

Walipoondoka, na Edith akaingia jikoni, Eustace alisogea kitandani.

"Mama Edith, asante. Umenisitiri."

Winifrida alimtazama. Usoni hapakuwa na hasira, na hilo lilimtisha mumewe zaidi ya kitu chochote siku ile.

"Sikukusitiri," alisema. "Nilitaka nione kama utanibishia."