Matone Yanayopenya Ngozi

Mama mkubwa wa mfamasia mmoja alikuwa na ulimi usiojua kupumzika. Akianza kisa jikoni, chai hupoa vikombeni na hakuna anayejali. Kwa hiyo siku mfamasia alipomkuta ameketi kimya kwenye kiti kilichosogezwa karibu na mlango wa choo, alijua mambo yameharibika.

"Vidonge vya kibofu umeacha, mama?"

"Nimevitupa. Mwanangu, vinanikausha mdomo mpaka ulimi unanata kama gundi. Bora nilowe kuliko niwe bubu."

Walicheka, ila kicheko cha mfamasia kilikuwa cha nusu. Aliijua sababu. Kidonge kikimezwa hupitia kwenye ini, na huko sehemu ya dawa hugeuzwa kuwa kitu kinachokausha mdomo kuliko dawa yenyewe. Ikiingia kwa njia ya ngozi, ini halitangulii kuichokonoa. Naye alikuwa na kazi katika maabara ya chuo. Akaomba ruhusa ya kujaribu kuitengeneza iwe ya kupaka.

Lakini ngozi ni ukuta. Alitaka kuificha dawa ndani ya matone ya mafuta yaliyotawanywa majini, madogo mno hata hadubini ya kawaida isiyaone, ili yajipenyeze. Na mafuta na maji ni kama wake wenza waliogombana: hawakai chumba kimoja bila msuluhishi. Msuluhishi wake alikuwa kiungo cha jamii ya sabuni.

Mchanganyiko wa kwanza ulitoka mweupe kama maziwa. Kulipokucha, mafuta yameelea juu. Akabadilisha mafuta. Yakaelea. Akazidisha muda kwenye mashine inayopasua matone kwa mawimbi ya sauti, ile inayolia kama mbu aliyenaswa ndani ya spika. Wenzake wakambandika jina: Bi Matone.

"Bi Matone," mkuu wa maabara alimwambia kwa upole, "si kila mlango unafunguka kwa kugongwa. Hamia mradi mwingine."

"Niache mpaka muhula uishe, mkuu. Nikishindwa, vyombo vya maabara nzima nitaviosha mimi."

Hatimaye chupa moja ikabaki angavu, haikujitenga. Akajipaka mkononi kidogo, bila dawa ndani. Kufika mchana ngozi inawasha kama imeguswa na upupu: sabuni ilizidi. Wengine wangekata tamaa hapo. Yeye alinawa, akapunguza sabuni, akaanza upya na mafuta mengine.

Ulipopatikana mchanganyiko usiojitenga wala kuwasha, akautia dawa, akaenda buchani kuomba masikio ya mbuzi.

"Masikio tu, dada?" muuza nyama akashangaa. "Mbuzi wangu wana mapaja pia!"

Ngozi ya sikio aliibana katikati ya vyumba viwili vya kioo: juu mchanganyiko, chini maji ya chumvi. Baadaye akapima maji ya chini. Dawa ilikuwamo. Akarudia na masikio mengine, maana mara moja huenda ni bahati. Ikawamo tena. Mkuu wa maabara alivua miwani, akaivaa, akatazama upya mchoro wa vipimo.

"Imepita," alisema.

"Imepita, mkuu."

Mama mkubwa aliposikia, alipandisha mkono wa gauni papo hapo. "Basi nipake."

"Hapana, mama. Imepita kwenye sikio la mbuzi. Wewe si mbuzi."

"Shemeji yangu, baba yako, angekubishia."

"Kuna majaribio ya wanyama, kuna kamati ya maadili ya utafiti, kuna watu wa kujitolea. Ni miaka. Sitakufanya wewe kuwa jaribio langu."

Mama mkubwa akanuna, na kununa kwake kulisikika mpaka sebuleni. Mfamasia hakulegea. Kesho yake alimpeleka mwenyewe kwa daktari, akapewa dawa ya aina nyingine na mazoezi ya kukaza misuli ya kuzuia mkojo. Havikumponya kabisa, ila taratibu alianza tena kwenda kwa jirani na kukaa mpaka wenyeji wapige miayo.

Kamati nayo ikaruhusu majaribio ya wanyama, kwa sharti moja: mchanganyiko uthibitishwe kuwa haujitengi kwenye joto. Mfamasia alisoma sharti hilo akiwa amesimama. Akavaa koti lake jeupe, akapanga chupa mpya ndani ya kabati la joto, akafunga mlango wake.